Kisu kinachong'aa si kisu kikali: tuache kununua kwa macho

Niliahidi kwamba somo linalofuata litakuwa la matandazo kwenye migomba. Litasubiri. Leo nataka tugombane kidogo kuhusu kisu.

Juzi nilipita kwenye shamba la mama mmoja anayefuata kila tulichofundishana kuhusu mnyauko bakteria, ule ambao huku Kagera wengi tunauita unyanjano. Ua dume analiondoa kwa mti wenye panda, hatumii kisu. Mgomba ukionyesha dalili anaung'oa. Kisu anakipitisha kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine. Nikamwomba hicho kisu nipunguze majani makavu. Ubapa ulikuwa umegeuka rangi ya bluu mpaka katikati, makali yamejikunja kama mdomo wa kopo lililofunguliwa kwa msumari, na jani la mgomba, jani tu, lilichanika badala ya kukatika.

"Bwana shamba, usinicheke," akaniambia. "Hicho ni cha tatu tangu mvua za vuli zianze. Visu vya siku hizi ndivyo vilivyo. Kikigoma kabisa namtuma mtoto akaazime kwa jirani."

Sikucheka. Kisu cha kuazima ni mojawapo ya njia zinazouhamisha ugonjwa huu kutoka shamba moja kwenda jingine. Tumezunguka vijiji tukihubiri usafi wa vifaa mpaka sauti zimekauka, halafu mkulima anauziwa kisu kinachomlazimisha kushika kifaa cha jirani. Mafunzo yetu yote yameishia kwenye makali ya bati.

Nasema wazi: si kweli kwamba visu vya siku hizi ndivyo vilivyo. Tatizo ni kwamba tunanunua kwa macho. Simama karibu na meza ya visu siku ya gulio usikilize. Swali la kwanza la mteja: "Hakishiki kutu?" La pili: "Mwisho shilingi ngapi?" Ukikaa pale tangu asubuhi mpaka jioni hutasikia mtu akiuliza, "Kinanoleka? Kikinolewa kinakaa na makali siku ngapi?" Na muuzaji naye, kwa kuwa haulizwi, hajui. Anachojua ni kwamba kinachong'aa kinatoka haraka.

Kung'aa kunatoka wapi

Chuma cha kisu ni feleji, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Kaboni hiyo ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu baada ya kupashwa moto sana na kupozwa ghafla. Chuma laini cha kawaida, kile cha kuchomelea mageti, kina kaboni isiyofika asilimia 0.3, na hata ukikipasha na kukizamisha mara kumi hakitakupa makali ya maana. Chuma cha kisu kinachokaa na makali kina kaboni kuanzia karibu asilimia 0.5 hadi 1. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye mkungu wa ndizi utaiona asubuhi ya kwanza.

Sasa chuma kisichoshika kutu ni feleji iliyoongezwa kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu inatengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma inayozuia kutu. Hiyo ndiyo kazi yake, kuzuia kutu. Kukata ni habari nyingine. Chuma cha namna hiyo cha kutengenezea visu kilipatikana mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913 kwa mtaalamu aitwaye Harry Brearley, na mafundi visu wa mji huohuo walimdhihaki kwamba amegundua visu visivyokata. Walikuwa na sababu: chuma kilikuwa kipya na walikuwa hawajajua namna ya kukipasha moto. Baadaye walijua. Leo vipo visu vizuri sana visivyoshika kutu, vyenye kaboni ya kutosha na vilivyopashwa moto inavyotakiwa. Ila hivyo si vile vinavyomwagwa kwenye turubai kama dagaa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, sisi tunauziwa tatizo ambalo Sheffield walishalimaliza.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui ni kwamba chuma kisichoshika kutu hakiko cha aina moja. Kipo cha vijiko, masufuria na masinki. Hicho hakigumishwi kwa moto kabisa, hata fundi awe hodari namna gani. Ukikichonga umbo la kisu, unapata kijiko kilichochongoka. Aina nyingine ndiyo ya visu, inayogumishika. Kwa macho zote mbili zinafanana, zote zinang'aa, na zote zimeandikwa maneno yaleyale ya Kiingereza kwenye ubapa.

Namna ya kuzitofautisha ni rahisi mno, haihitaji hata shilingi mia. Chukua sumaku kwenye spika iliyokufa ya redio. Iguse kwenye ubapa. Ile ya vijiko sumaku haiishiki, au inaishika kwa kusuasua. Ya visu inashikwa kwa nguvu. Kisu ambacho sumaku inakikataa, kirudishe mezani hata kama unapewa viwili kwa bei ya kimoja. Lakini usinielewe vibaya: kushika sumaku hakutoshi, maana hata waya wa uzio unashika sumaku. Sumaku inakusaidia kukataa tu. Haikwambii ununue.

Kipimo cha pili ni tupa. Beba tupa ndogo, ipitishe taratibu kwenye makali karibu na mpini ambapo hapataharibu kitu. Chuma kilichogumishwa vizuri kwa kisu cha kawaida, tupa inateleza au inang'ata kwa shida. Ikila kama inakula msumari wa inchi nne, hicho ni kisu cha mapambo. Muuzaji akikukatalia kujaribu, umeshapata jibu.

Kuna wengine wataniambia wasome maandishi kwenye ubapa. Sawa, yakiwepo na yakiwa ya kweli yanasaidia. Alama 3Cr13 ni chuma cha China chenye kaboni karibu asilimia 0.3 na kromiamu karibu 13. Kinanoleka upesi na makali yanaisha upesi, lakini kwa nyanya na vitunguu si kibaya. Alama 1.4116 ina kaboni karibu asilimia 0.5, hicho ni cha heshima kwa jikoni. Ila herufi za kugonga ni rahisi kuigiza kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo mimi naiamini tupa yangu kwanza.

Mzee wa mvukuto na springi ya lori

Tunapomaliza kununua vya kung'aa, tunapita mbele ya kibanda cha mhunzi bila hata kusalimia. "Vile ni vya kizamani." Nimeyasikia haya kwa vijana wa kidato cha nne na, kwa aibu kubwa, kwa wataalamu wenzangu.

Vya kizamani? Huku kwetu, upande wa Kemondo, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichunguza mabaki ya tanuri za kale na kuwafuata wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka kazi ya kuyeyusha chuma. Mwaka 1978 walichapisha kwamba mababu hawa walikuwa wakitengeneza feleji yenye kaboni kwa tanuri zinazopulizwa hewa iliyokwisha kupata joto. Ufipa nako tanuri zao zilikuwa ndefu kuliko mtu. Watu waliokuwa na ujuzi huo, wajukuu wao leo wanafukuza visu vya mhunzi wa kijijini na kukimbilia bati. Haya, niiache historia, nisije nikaambiwa nimeacha kilimo.

Mhunzi wa leo hayeyushi mawe. Anatumia springi ya gari. Na hapa ndipo penye hazina ambayo hatuitambui: springi bapa za malori zimetengenezwa kwa feleji yenye kaboni kati ya asilimia 0.5 na 0.65 hivi, iliyokusudiwa kupinda na kurudi chini ya tani za mzigo bila kuvunjika. Ni chuma kinachofaa kwa mundu, panga na kisu cha shamba kuliko chochote utakachokuta kwenye turubai kwa bei ya mtu wa kawaida. Ipo kila penye gereji.

Lakini nawageukia pia wahunzi, maana nimesema leo ni siku ya kugombana. Wapo kati yenu mnaochukua kipande cha nondo, mnakiponda mpaka kinakuwa bapa, mnakisugua, mnauza kwa jina la springi. Nondo ni ya zege. Kaboni yake ni ndogo, tena leo hivi kesho vile. Mteja akishadanganywa mara moja, anarudi kijijini anatangaza kwamba visu vya wahunzi vyote ni hivyohivyo, na wewe uliyetumia springi unaumia pamoja na aliyekudanganyia soko. Mnunuzi, kama mhunzi ana jiwe la kusagia, mwombe akiguse kisu pale mbele yako. Chuma chenye kaboni ya kutosha kinatoa cheche nyingi zinazopasuka kama nyota. Nondo na chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, chache zinazopasuka. Ukizitazama mara mbili tatu, ukizilinganisha na za springi unayoijua, hutadanganyika tena.

Na chuma kizuri peke yake hakitoshi. Wahunzi wengi niliowaona wanafua vizuri sana, halafu wanaharibu mwishoni: wanapasha kisu na kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Springi ikizamishwa kwenye maji mara nyingi inapasuka nyufa ambazo huzioni, na siku ya kazi ubapa unakatika mkononi. Tumia mafuta, ya kupikia yaliyotumika yanatosha. Kipashe mpaka sumaku isikishike tena, ongeza moto kidogo tu, kisha zamisha. Hapo kisu ni kigumu lakini ni kigumu kama kioo, kikianguka kinavunjika. Lazima kipashwe tena polepole, kwenye joto la nyuzi 200 na kidogo. Kwa asiye na kipima joto, sugua ubapa mpaka ung'ae, uweke mgongo wa kisu juu ya chuma cha moto, utazame rangi zinavyotembea: kwanza njano ya majani makavu, kisha kahawia, zambarau, mwisho bluu. Kisu cha jikoni simamia kwenye njano. Cha shamba kahawia. Mgongo wa panga unaweza kufika bluu, lakini makali yasifike huko. Hatua hii ya mwisho wengi wanairuka kwa sababu mteja haioni. Mzee mmoja wa mvukuto aliniambia, "Mwanangu, nikikaa nusu saa natazama rangi, nani atanilipa hiyo nusu saa?" Swali lake ni la haki, na jibu ni sisi wanunuzi.

Kutu, embe na samaki

Najua kinachokuja. "Afisa, hicho chuma chako kinashika kutu."

Kinashika. Sibishi. Ukikiosha na kukiacha kwenye karai usiku mzima, asubuhi kitakuwa chekundu. Dawa yake ni kukifuta kikauke na kukipaka tone la mafuta ya kula kwa kitambaa. Kazi ya muda wa kuvuta pumzi mbili. Baada ya wiki chache za kukata vitunguu na ndizi, ubapa utageuka kijivu au wa bluu iliyofifia. Hiyo si kutu na si uchafu, ni ngozi ambayo chuma kinajitengenezea, na inapunguza kutu nyekundu. Mama wa jikoni, usiisugue kwa steelwire kila jioni ukidhani unasafisha.

Mahali ambapo nakubali kushindwa ni hapa. Muuza matunda, anayekata embe, nanasi na papai mbele ya mteja, achukue kisu kizuri kisichoshika kutu, kwa sababu chuma cha springi kinaacha weusi kwenye matunda na wakati mwingine ladha ya chuma. Wenzetu wa mwambao wanaopasua samaki kwenye maji chumvi nao vilevile. Na mama lishe mwenye wasaidizi wanne wasiofuta kitu, sitamlazimisha. Kwa hao wote nasema nunua kisichoshika kutu, ila kipite kwanza kwenye sumaku na tupa. Huko Ufaransa kampuni ya Opinel, iliyoanza mwaka 1890, mpaka leo inauza kisu kilekile cha bei nafuu kwa aina mbili, cha kaboni na kisichoshika kutu, na mteja anachagua kulingana na kazi yake akijua anachonunua. Hicho tu ndicho ninachokidai kwenye gulio letu.

Kwa shamba sikubali kushindwa hata kidogo. Anayebebesha miembe au michungwa anajua kwamba kikonyo na shina lazima vigusane sawasawa, ngozi ya kijani kwa ngozi ya kijani. Kisu butu hakikati, kinasaga. Pale palipochanika panakauka kabla ya kuungana, na miezi ya kutunza mche inapotea kwa sababu ya kisu kilichonunuliwa kwa kung'aa. Na vidole vingi nilivyoviona vimefungwa vitambaa vilikatwa na visu butu, maana kisu butu unakisukuma kwa nguvu na kikiteleza hakijui mkono ni wa nani.

Turudi kwenye moto wa mama yule, maana hili ni kosa letu wataalamu. Tulimwambia apitishe kisu kwenye moto, hatukumwambia kwa kiasi gani. Akakiweka kwenye mkaa mpaka kikabadilika rangi, na kila kilipogeuka bluu kilirudi kuwa chuma laini. Hata kisu bora kabisa kingekufa hivyo. Kwa hiyo: pitisha ubapa juu ya mwali ukiugeuzageuza, anzia upande wa mgongo, mpaka tone la maji likidondoka juu yake lichemke. Basi. Rangi isibadilike. Ukipenda tumia JIK kwa kipimo tulichofundishana shamba darasa, lakini suuza, futa na paka mafuta, kwa sababu JIK inakula chuma, hata hicho chenu kisichoshika kutu kinatobolewa vidoa vidoa. Na usikubali kijana wa grenda akunolee kisu kwa kukikandamiza mpaka cheche zimwagike na makali yawe bluu, ni kosa lilelile. Mnoaji wa baiskeli mwenye jiwe lake na kopo la maji ni bora mara nyingi, na kinoo cha nyumbani ni bora kuliko wote.

Sasa hesabu, maana najua mfanyabiashara ananisubiri hapa. Tuseme kisu cha turubai ni shilingi 2,500 na mkulima anavunja au kutupa vitatu kwa mwaka. Hiyo ni 7,500. Tuseme mhunzi aliyetumia springi na kutazama rangi anataka 7,000, na kisu kinanoleka miaka mitano. Weka bei za kwenu, hesabu upya mwenyewe. Muuzaji ataniambia, "Nikiuza kisu cha miaka mitano nitakula nini mwaka wa pili?" Utauza vinoo, utauza mipini, na utauza kwa kijiji cha pili watakaosikia. Leo unauza kwa watu wanaokutukana ukishaondoka.

Na sisi watu wa ofisi tusijifiche. Nimehudhuria semina ambako wakulima waligawiwa visu vyenye mipini ya rangi nzuri, vimeandikwa maneno ya mradi kwenye ubapa. Nilikuwa mmoja wa waliovigawa, na picha zilipigwa. Nilikuja kuvigusa na sumaku baadaye, kimoja baada ya kingine, na havikushika. Fedha ile ingemlipa mhunzi wa kata ileile kwa kazi ya msimu mzima. Anayepanga manunuzi ya zana kwa vikundi, kabla ya kusaini, ombeni kisu kimoja cha mfano na mkipeleke kwa mhunzi akiguse na tupa. Na vikundi vya wahunzi wanaotaka kujifunza kupasha na kupoza chuma vizuri, ofisi za SIDO zipo mikoani, nendeni mkaulize kuhusu mafunzo. Barua ya utambulisho nitaiandika mimi.

Gulio lijalo nitakuwa chini ya ule mwembe karibu na mizani, kuanzia saa tatu asubuhi. Nitakuwa na sumaku mbili, tupa moja, kinoo, ndoo ya maji na rundo la kamba ya katani. Kila mwenye kisu, cha springi au cha kung'aa, aje nacho. Tutakinoa sawasawa mbele ya watu, kisha tutakata kamba juu ya ubao tukihesabu kwa sauti mpaka kigome. Wauzaji mnakaribishwa zaidi kuliko wote. Mwenye kisu kinachong'aa kitakachonishinda, nitakinunua kwa bei yake na kukisifu hapahapa. Mama wa visu vitatu ameniambia atakuja na wa kuhesabu atakuwa yeye.